Tabibu Kamili na Nusu Tabibu: Mwili na Nafsi ya Mgonjwa Katika Fiqhi na Historia

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akaenda kumzuru. Akamwekea mkono kifuani mpaka Sa'd akauhisi ubaridi wake moyoni. Kisha akamweleza kuwa anasumbuliwa na moyo, na akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa mtu huyo ana kazi ya utabibu. Akataja pia tende saba za ajwa za Madina, zipondwe pamoja na kokwa zake. Wanachuoni wa Hadithi wamezungumza juu ya mapokezi ya kisa hiki, na hatukusudii kuingia katika mjadala huo. Tunalotaka msomaji alizingatie ni mpangilio wa mambo yenyewe. Kuna mkono uliowekwa kifuani, kuna chakula kilichofanywa dawa, na kuna mgonjwa kupelekwa kwa mwenye fani yake. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichofanywa badala ya kingine.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu ya hali tunayoiona leo katika miji yetu, kuanzia Mombasa na Zanzibar mpaka Dar es Salaam. Upande mmoja zipo hospitali ambamo mgonjwa hupata dakika chache tu. Daktari huangalia karatasi ya vipimo, huandika dawa, na humwita anayefuata. Upande wa pili wapo matabibu wanaosema kuwa wao hawatibu ugonjwa, bali humtibu mtu kwa ujumla wake: mwili, akili na roho. Miongoni mwao wamo madaktari waliosomea kazi yao, na wamo pia wanaouza habasoda na asali, wanaofanya hijama na kisomo, na ambao hawakusomea chochote. Mgonjwa yuko katikati. Huku anapata vipimo bila ya kusikilizwa, na kule anasikilizwa bila ya vipimo.

Je, fiqhi yetu na historia yetu vinasema nini juu ya tabibu wa aina hii ya pili? Ni nani mwenye haki ya kudai kuwa anamtibu mtu kwa ujumla wake, na akikosea ni nini juu yake? Haya ndiyo tutakayoyaeleza kwa kadiri ya nafasi tuliyonayo, Inshaallah.

NENO JIPYA, JAMBO LA ZAMANI

Neno la Kiingereza wanalojiitia matabibu hawa lilitokana na kitabu kilichoandikwa mwaka 1926 na Jan Smuts, mwanasiasa wa Afrika ya Kusini, na wala hakikuwa kitabu cha tiba. Smuts alikuwa akieleza kuwa kitu kizima ni zaidi ya jumla ya sehemu zake. Baadaye wazo hilo likachukuliwa na watu wa tiba.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, iliielezea afya kuwa ni hali ya ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu pamoja na jamii yake, si kukosekana kwa maradhi peke yake. Mwaka 1967, Cicely Saunders alifungua London nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, akafundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa saratani yana sehemu nne: mwili, nafsi, jamii na imani. Mwaka 1977, daktari wa Kimarekani George Engel aliandika makala mashuhuri akilaumu tiba inayomtazama mgonjwa kama mashine iliyoharibika. Ni vyema kuzingatia kuwa watu hawa hawakuitupa elimu ya mwili. Saunders alikuwa daktari aliyefanya utafiti juu ya matumizi ya mofini. Engel alikuwa daktari wa maradhi ya ndani na mwalimu wa chuo kikuu. Walichotaka ni kuongeza, si kupunguza.

Hili la kuongeza bila ya kupunguza ndilo tunalolikuta pia kwa wanachuoni wetu, tena zaidi ya miaka elfu moja kabla yao.

ABU ZAYD AL-BALKHI NA AL-RAZI

Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa mwaka 850 katika kijiji karibu na mji wa Balkh, katika nchi inayoitwa leo Afghanistan, na akafariki mwaka 934 (322 Hijria). Aliandika kitabu alichokiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ina milango 14 juu ya mwili: makazi, hewa, maji, chakula, usingizi, mazoezi. Sehemu ya pili ina milango 8 juu ya nafsi. Nakala za mkono za kitabu hiki zilihifadhiwa Istanbul, na mwaka 1984 kilichapishwa Frankfurt kwa picha za nakala hiyo.

Al-Balkhi aliwalaumu matabibu wa wakati wake kwa kuandika juu ya mwili na kuiacha nafsi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu ni mwili na nafsi pamoja, na kinachokiuma kimoja hukifikia cha pili. Mwenye maumivu makali hupoteza fahamu na ladha ya mambo, na mwenye huzuni kubwa huingiwa na maradhi ya mwili. Aliyagawa maradhi ya nafsi katika hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Kisha akaigawa huzuni katika aina mbili. Ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ipo huzuni isiyokuwa na sababu ambayo mwenyewe anaijua. Hii ya pili aliiona kuwa asili yake ni mwilini, katika damu, na kwa hiyo mwili nao utibiwe. Tazama ndugu msomaji: mtu huyu aliyekuja kuipigania nafsi hakusema kila huzuni ni upungufu wa imani. Alisema nyingine zinahitaji dawa.

Aliusia pia kuwa kama vile mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani akiwa mzima ili zimfae siku ya dharura, basi na aweke fikra njema moyoni akiwa katika utulivu, ili azitumie siku nafsi itakapotikisika.

Wa pili ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyezaliwa katika mji wa Rayy karibu na mwaka 865, akasimamia hospitali ya Rayy kisha ya Baghdad. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua. Alimwandikia mtawala wa Rayy, Mansur bin Ishaq, kitabu cha tiba ya mwili, kisha akamwandikia kingine juu ya tiba ya nafsi kiende pamoja na cha kwanza. Aliona kuwa tabibu amtie mgonjwa matumaini ya kupona hata kama yeye mwenyewe hana uhakika nayo, kwa sababu hali ya mwili huifuata hali ya nafsi. Na Ibn al-Nadim ameeleza namna alivyokuwa akikaa: wanafunzi wake wakiwa safu mbele yake, mgonjwa akianza kuwaeleza wa safu ya mbali, wakishindwa akihamia kwa walio karibu zaidi, mpaka wakishindwa wote ndipo al-Razi mwenyewe azungumze. Ameeleza pia kuwa alikuwa mpole kwa masikini na akiwapa matumizi.

Mtu huyu mwenye kusisitiza matumaini ndiye huyo huyo aliyeandika maelezo ya wagonjwa wake mmoja mmoja, ya waliopona na ya waliokufa. Huruma haikumzuia kufuatilia matokeo ya dawa zake.

HOSPITALI ZA WAKFU

Fikra hizi hazikubakia vitabuni. Sultan Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154. Amesimulia mwanahistoria al-Maqrizi kwamba Qalawun, akiwa bado amiri, aliugua tumbo akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo. Alipoitembelea akapendezwa nayo, akaweka nadhiri kuwa Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Alipokuwa sultani wa Misri akatimiza nadhiri yake, na hospitali ya al-Mansuri ikajengwa Cairo mwaka 1284 (683 Hijria).

Hati ya wakfu wake iliifungua kwa wanaume na wanawake, matajiri na masikini, wenyeji na wageni. Wagonjwa wa homa walikuwa na sehemu yao, wa macho yao, wa kuharisha yao, na wa majeraha yao. Vyakula, matandiko na dawa vilitoka katika mapato ya wakfu, na anayekufa alikafiniwa na kuzikwa kwa mali hiyo hiyo. Kule Halab (Aleppo), hospitali ya Arghun iliyojengwa mwaka 1354 ilipokea wagonjwa wa akili katika nyua zenye chemchemi na mwanga. Na katika hospitali ya Sultan Bayezid wa Pili huko Edirne, iliyokamilika mwaka 1488, msafiri Evliya Çelebi alikuta katika karne ya 17 wapiga ala 10 waliowekwa kuwatuliza wagonjwa siku tatu kwa wiki. Leo mahali hapo ni makumbusho.

Funzo tunalolipata hapa ni kuwa kumtazama mgonjwa kwa ujumla wake kuligharimiwa kwa wakfu. Si hisani ya tabibu mmoja mwenye moyo mzuri tu. Waliowekeza walijua kuwa mgonjwa masikini hawezi kupumzika ikiwa anafikiria kodi, chakula na watoto aliowaacha.

MAMBO ISHIRINI YA IBN AL-QAYYIM

Mwanachuoni aliyelikusanya suala hili kwa lugha ya fiqhi ni Ibn al-Qayyim al-Jawziyya wa Damascus (691-751 Hijria, 1292-1350). Katika kitabu chake Zad al-Ma'ad, sehemu ya tiba ya Mtume (s.a.w.), ametaja mambo 20 ambayo tabibu hodari huyazingatia. Hatutayataja yote, bali tutayafupisha kwa makundi.

Kundi la kwanza ni la ugonjwa na mwili. Tabibu atazame aina ya ugonjwa, chanzo chake, nguvu za mgonjwa, maumbile ya mwili wake na umri wake.

Kundi la pili ni la maisha ya mgonjwa. Atazame mazoea yake, msimu wa mwaka, nchi anayotoka na hewa ya wakati huo. Kwa lugha ya leo tungesema: anakula nini, analala wapi, anafanya kazi gani, anaishi na nani.

Kundi la tatu ni la dawa. Atazame nguvu ya dawa na kiwango chake. Asikusudie kuuondoa ugonjwa tu, bali auondoe kwa njia isiyozaa mwingine ulio mbaya zaidi. Aanze na lililo jepesi: asihamie kwenye dawa ikiwa chakula kinatosha, wala kwenye dawa ya mchanganyiko ikiwa ya kitu kimoja inatosha. Na aangalie kama ugonjwa wenyewe unatibika au la, ili asije akamtesa mgonjwa kwa tamaa ya bure.

Kundi la nne ni la nafsi. Awe na ujuzi wa maradhi ya nyoyo na dawa zake, na awe mpole kwa mgonjwa kama mtu anavyokuwa mpole kwa mtoto. Hapa ndipo Ibn al-Qayyim alipoweka mizani yake mashuhuri. Mwenye kuyajua maradhi ya moyo na nafsi pamoja na ya mwili, huyo kwake ndiye tabibu kamili. Na asiyeyajua hayo, hata akiwa hodari wa mwili, kwake ni nusu tabibu.

Maneno haya yamekuwa yakitumiwa siku hizi na watu wanaotaka kuidharau hospitali. Husema: daktari wa hospitali ni nusu tabibu, na mimi ndiye kamili. Lakini hesabu yao si sahihi. Ikiwa mjuzi wa mwili asiyeijua nafsi ni nusu, basi anayedai kuijua nafsi na hajui mwili, naye hatakuwa zaidi ya nusu. Na ikiwa hajui hili wala lile, basi si tabibu kabisa. Mambo mengi katika yale ishirini, kama tulivyoona, ni ya ugonjwa, mwili na dawa. Ukamilifu umejengwa juu ya ujuzi huo.

DHAMANA YA TABIBU

Sasa tuingie katika hukumu. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) Hadithi ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujifanya tabibu na hali hakujulikana kuwa na utabibu kabla ya hapo, basi yeye ni mdhamini, yaani atalipa alichokiharibu. Mapokezi yake yamejadiliwa, lakini maana yake imefanyiwa kazi na mafakihi.

Ibn al-Qayyim ameeleza hali tano, nazo ni hizi:

1. Tabibu mjuzi aliyepewa idhini, akatimiza haki ya kazi yake, na mkono wake haukukosea, kisha mgonjwa akadhurika. Huyu hana dhamana.

2. Asiyejua aliyemtibu mtu akamwangamiza. Huyu ana dhamana. Ikiwa mgonjwa alijua kuwa hajui na bado akamruhusu, Ibn al-Qayyim ameona kuwa hadhamini. Ama akimdanganya kuwa ni tabibu, dhamana iko juu yake.

3. Mjuzi aliyepewa idhini lakini mkono wake ukakosea, kama kukata pasipohusika. Huyu ana dhamana kwa kuwa ni jinai ya kukosea, na diya yake ikiwa kubwa hubebwa na jamaa zake wa ukoo.

4. Mjuzi aliyejitahidi katika kuchagua dawa, akakosea katika jitihada yake. Hapa kuna kauli mbili: diya itoke Bayti-mali, au ibebwe na jamaa zake.

5. Mjuzi aliyemtibu mtu bila ya idhini yake au ya walii wake. Wengi wamesema ana dhamana, na wapo waliojadili hilo.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Hayo ni ya jikoni na ya mapenzi. Ama katika kukatwa, kuchanjwa na kunyweshwa dawa, fiqhi inataka aulizwe.

Historia inatupa mfano wa namna hukumu hii ilivyosimamiwa. Mwaka 931 (319 Hijria), Khalifa al-Muqtadir aliarifiwa Baghdad kwamba mtu mmoja wa kawaida amekufa kwa kosa la aliyemtibu. Akaamuru msimamizi wa masoko awazuie wote wasitibu mpaka wapimwe na Sinan bin Thabit bin Qurra. Waliopimwa walizidi 860.

Ibn al-Qifti amesimulia kuwa miongoni mwa waliokuja kwa Sinan alikuwepo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Alipotakiwa aeleze aliyoyasoma, akatoa dinari na kukiri kuwa hajui kusoma wala kuandika vizuri, lakini ana familia inayoitegemea kazi hiyo, na akaomba asikatiwe riziki. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asimwingilie mgonjwa kwa asilolijua, wala asiagize kutoa damu au dawa ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa huo ndio mwendo wake tangu zamani. Hajavuka vinywaji vya siki na asali na sharubati. Kesho yake akaja kijana mzuri. Sinan akamuuliza amesoma kwa nani, akajibu kwa baba yake, na baba yake ndiye yule mzee wa jana. Sinan akamuuliza kama naye yuko katika mwendo ule ule. Akasema ndiyo. Sinan akamwambia asiuvuke.

Katika kisa hiki mna fiqhi kubwa. Sinan hakumfukuza mwenye asali na siki. Alimwekea mpaka. Madhara huja pale mtu wa vinywaji anapojitia kutibu asichokiweza, na anapomzuia mgonjwa kwenda kwa anayekiweza.

MFANO: MWENYE KISUKARI NA RAMADHANI

Tuchukue mfano ulio hai katika nyumba zetu. Mgonjwa wa kisukari anakaribia Ramadhani. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ukawahusisha wagonjwa zaidi ya 12,000. Ilionekana kuwa karibu wagonjwa 8 kati ya 10 wa kisukari cha aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi, na hata wale wa aina ya kwanza, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, karibu 4 kati ya 10 walifunga. Na katika mwezi huo visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka mara kadhaa kuliko miezi mingine.

Nusu tabibu wa kwanza humwambia mgonjwa huyu neno moja tu, "usifunge", kisha akamwita anayefuata. Hakumuuliza saumu ina maana gani kwake. Mgonjwa akifika nyumbani hufunga kwa siri, humeza dawa zake kwa kubahatisha, na akitetemeka saa tisa alasiri huona haya kufungua mbele ya watoto.

Nusu tabibu wa pili humwambia kuwa saumu ni dawa ya kila kitu, aache sindano za insulini na anywe mafuta ya habasoda. Huyu amemtoa mgonjwa katika hatari akamtia katika maangamizi. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa katika muda wa siku chache.

Tabibu kamili humwita mgonjwa wiki kadhaa kabla ya mwezi. Humuuliza anakula nini kwenye futari na daku, anafanya kazi gani mchana, nani yuko naye nyumbani. Hupima hatari yake. Ikiwa ni ndogo, humpangia upya dawa na saa zake, na humwekea kiwango cha sukari ambacho akikifikia afungue papo hapo. Ikiwa ni kubwa, humweleza kwa upole kuwa ruhusa iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imeteremshwa kwa ajili ya watu kama yeye, na humshauri akamwone shekhe wake kuhusu kulipa au kutoa fidia. Na humwondolea shaka kuwa kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilipitisha mwaka 1997 kuwa kutolewa damu kwa ajili ya vipimo, na sindano za tiba zisizokuwa za lishe, havifunguzi.

Hapa tabibu na fakihi wanahitajiana. Imam Nawawi, katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani yetu, ameeleza katika mlango wa tayammamu kuwa mgonjwa asiyejua mwenyewe hutegemea neno la tabibu hodari, Mwislamu na muadilifu. Wanachuoni wengine, wakiwemo wa Kimaliki, wamekubali pia neno la tabibu asiyekuwa Mwislamu akiwa mwaminifu katika kazi yake. Na inatupasa tukumbuke kisa cha yule aliyejeruhiwa kichwani safarini, kilichopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akakoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali na kuwahesabu kuwa wamemuua, kwani walitakiwa waulize pale wasipojua. Waliomuua walikuwa wema, na walikusudia ibada.

MGONJWA AULIZE NINI?

Ndugu msomaji, hatusemi kuwa kisomo, asali na hijama havina nafasi. Vyote vina asili katika Sunna. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza uji wa shayiri upikwe kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, akisimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa unautuliza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Tunalosema ni kuwa mwenye kuvitoa vitu hivi amejibebesha amana. Kwa hiyo, kabla ya kujikabidhi, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo manne.

Kwanza, umesoma wapi na unatambuliwa na nani? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002 na baraza linalosajili watoa huduma hizo. Kuuliza usajili si utovu wa adabu.

Pili, ni maradhi gani usiyoyatibu? Tabibu mkweli ana orodha. Asiyekuwa na mpaka ndiye wa kuogopwa.

Tatu, dawa zangu za hospitali je? Akisema ziachwe bila ya kuzungumza na daktari aliyeziandika, ondoka. Hili ni zito zaidi kwa dawa za kisukari, presha, kifafa na virusi vya UKIMWI.

Nne, unaandika? Al-Ruhawi, katika karne ya tatu Hijria, alieleza kuwa tabibu aandike hali ya mgonjwa na alichompa kila anapomzuru, ili mgonjwa akifa maandishi hayo yatazamwe na matabibu wenzake. Asiyeandika kitu hatapatikana na kosa, na wala hatajifunza.

Na kwa madaktari wetu wa hospitali tunasema: foleni ni ndefu, tunaijua. Lakini kumuuliza mgonjwa swali moja juu ya nyumbani kwake na kumtazama usoni hakuhitaji mashine. Wengi wanaokwenda kwa wauza mafuta hawakuikimbia sayansi. Walikuwa wakimtafuta mtu wa kuwasikiliza.

HITIMISHO

Imepokewa kuwa Imam Shafi (r.a.) alikuwa akisikitika kwa Waislamu kuipoteza elimu ya tiba na kuwaachia wengine. Tukiyatazama tuliyoyataja, tunaona kuwa waliotangulia hawakuipoteza kwa sababu walikusanya mambo matatu: ujuzi wa mwili, upole kwa nafsi, na dhamana kwa kosa. Anayetaka kuitwa tabibu kamili leo ayachukue yote matatu. Ama aliyepewa moja tu, basi afanye kama yule mzee wa Baghdad, asiuvuke mpaka wake, na amwongoze mgonjwa kwa mwenye hilo jingine, kama Sa'd alivyoelekezwa kwa Harith baada ya kuwekewa mkono kifuani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu elimu na huruma, na atulinde na kusema tusilolijua. Wallahu a'lam.